Kuukuu au kongwe? Historia ya gari la zamani ng'ambo za Mombasa

GARI aina ya Peugeot 404 limesimama chini ya mwembe huko Likoni. Magurudumu yameisha upepo, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mnunuzi wa vyuma akipita na mkokoteni wake ataliulizia bei kwa kilo. Akipita mpenda magari ya zamani, atainama kwanza asome namba iliyogongwa kwenye chesisi, kisha aulize kitabu cha gari kiko kwa nani. Wote wawili wanatazama kitu kimoja. Wa kwanza ataondoka akisema ameona gari kuukuu. Wa pili atawapigia wenzake simu kuwaambia ameona... na hapo ulimi unakwama. Hana neno. Atasema "klasiki", au "gari la zamani", au atalitaja kwa jina na mwaka wake basi.

Makala ya leo yanafuatilia historia ya gari katika ng'ambo tatu za Mombasa: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ukosefu wa neno hilo una gharama, na kwamba wanaoilipa ni magari yenyewe pamoja na mafundi wanaoyajua.

Kutoka kigari cha reli hadi motokaa

Neno gari lilitangulia motokaa katika lugha yetu. Asili yake ni lugha za Bara Hindi, ambako hutaja chombo chochote cha magurudumu. Ndiyo maana tuna gari la ng'ombe, gari la farasi na gari la moshi. Mombasa ilikuwa na la kwake pia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wenye uwezo walizunguka kisiwani ndani ya vigari vidogo vyenye paa, vilivyopita juu ya reli nyembamba vikisukumwa na watu. Reli zenyewe ziliwahi kuletwa na Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1890 kwa ajili ya njia ya treni ambayo haikufika mbali.

Motokaa ilipowasili, wenyeji wa pwani waliipokea kwa msamiati wa kitu walichokijua vyema zaidi, yaani jahazi. Usukani, ambao kwa asili ni wa chombo cha baharini, ukahamia mikononi mwa dereva. Neno chombo lenyewe likapanda nchi kavu, hata leo tunasema vyombo vya usafiri bila kufikiria bahari. Msemo wa wahenga kwamba chombo cha kuzama hakina usukani ukawa unaeleweka hata na mtu asiyewahi kupanda ngalawa. Baadaye yakaja ya Kiingereza kwa wingi: breki, gia, klachi, honi, bampa, mudigadi. Fundi akakaa kwenye karakana, neno lililotoka Uajemi kwa kupitia India, akiongea lugha iliyokusanya bahari zote mbili.

Ng'ambo za Mombasa zilifunguliwa kwa gari kwa hatua. Mwaka 1931 Nyali iliunganishwa na kisiwa kwa daraja lililoelea juu ya maji, na ndilo lililotumika hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Huduma ya feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Changamwe ilikuwa na reli na barabara ya kwenda Nairobi. Baadaye, upande huo wa magharibi ukawa na viwanda viwili vinavyohusu hadithi yetu moja kwa moja. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, kikaanzishwa kiwanda cha kuunganisha magari cha Associated Vehicle Assemblers, ambacho wengi wanakijua kwa ufupisho wa AVA. Sehemu za gari zilifika Kilindini zikiwa ndani ya makasha, zikaunganishwa na mikono ya watu wa Changamwe, Miritini na Mikindani, na gari likatoka likiwa zima. Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuiunda kwao.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Baadhi ya magari tunayoyaona kama masalia ya wakoloni na matajiri yalifungwa nati na vijana wa hapa. Mtoto wa Magongo anaweza kulionyesha gari barabarani na kusema, "Hii gari, babu yangu ndiye aliyeifunga milango."

Magari yaliyopata jina

Si kila gari la zamani hupendwa. Yanayotafutwa hapa kwetu yalipata sifa kwa njia mbili: mashindano na kazi.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Yalipita kwenye matope na vumbi la Afrika Mashariki, na wananchi walisimama kando ya barabara kutazama gari lipi lingefika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, halafu ikashinda mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973. Joginder Singh, Mkenya, alishinda kwa Volvo mwaka 1965, kisha kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Kwa mnunuzi wa wakati huo, ushindi ulikuwa tangazo lisilohitaji maneno. Kizuri chajiuza.

Njia ya pili ilikuwa kazi. Peugeot yenye buti refu ilibeba abiria wa safari za mbali. Landrova ilibeba walimu, maafisa wa kilimo na wagonjwa hadi Kwale na Kilifi wakati barabara zilikuwa mchanga mtupu. Lori la Bedford lilibeba nazi, chokaa na arusi nzima. Magari hayo hayakuwa ya kifahari. Thamani yake imetokana na kumbukumbu za watu waliozaliwa, kuolewa na kuzikwa yakiwa yamehusika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, na magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakipitia Dubai, yakaanza kumiminika Kilindini. Yalikuwa na kiyoyozi, yalikunywa mafuta kidogo, na spea zake zilipatikana. Kipya kinyemi kingawa kidonda. Wenye Pijo zao waliziegesha chini ya miti kwa nia ya kuzirudia. Wengi hawakuzirudia. Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini msala uliopita safari hii ulikuwa na redio ya kaseti.

Ni wakati huo ndipo msamiati wa dharau ulipopata nguvu. Gari likaitwa mkweche. Likaitwa mkebe. Aliyeendelea kuliendesha akachekwa kwenye foleni ya feri: "Ami, hiyo bado inakata kona?"

Soko lisilo na duka

Leo mambo yamegeuka kidogo. Kuna watu wazima na vijana wanaoyatafuta magari hayo, kuyatengeneza na kuyauza wao kwa wao. Mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanza mwaka 2003 kuadhimisha nusu karne ya Safari ya kwanza, yameifanya Mombasa mara kwa mara kuwa mahali pa kuanzia au kumalizia, na yamewaonyesha wengi kwamba gari la mwaka 1970 linaweza kuondoka hapa likiwa na heshima kuliko la juzi. Nairobi nayo ina maonyesho ya magari ya kupendeza yanayofanywa tangu mwaka 1970.

Sheria nayo imeongeza uadimu. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kinazuia, kwa kawaida, kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Maana yake ni nyepesi: anayetaka Pijo ya mwaka 1967 hawezi kwenda tu kuiagiza kutoka ng'ambo ya bahari. Lazima aipate miongoni mwa zilizomo humu nchini. Idadi haiongezeki. Kila moja inayokatwakatwa imepunguza hesabu, na hakuna ya kuziba pengo.

Soko lenyewe halina duka wala ua lenye bendera. Linaendeshwa kwa habari za mdomo. Fundi wa Kisauni anajua nyumba yenye gari uani. Dalali anajua mjane anayetaka kuuza. Mnunuzi huja, huzunguka gari mara mbili bila kusema kitu, hugonga bodi kwa vifundo vya vidole kusikiliza palipojazwa pati, na hulala chini kutazama sakafu ilivyoliwa na kutu. Kisha huulizia karatasi.

Karatasi ndizo huamua. Magari yaliyosajiliwa Kenya kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 yana herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho tuliyoizoea leo. Bamba la namna hiyo, likiambatana na kitabu chake halisi cha usajili, ni ushahidi kwamba gari limeishi hapa miaka yote. Namba ya chesisi na ya injini zikilingana na zilizo kitabuni, bei hupanda. Zisipolingana, mnunuzi mwerevu huaga kwa adabu.

Shida kubwa zaidi huwa jina lililo kwenye kitabu. Mara nyingi ni la marehemu. Gari ni mirathi, na halihamishwi kwa mnunuzi kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mpaka warithi wapate idhini ya kisheria. Familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi sehemu hizi, huweza kulipeleka suala hilo kwa Kadhi. Lakini nani atafunga safari ya mahakamani kwa ajili ya kitu ambacho nyumba nzima inakiita mkweche? Ndugu mmoja yuko Muscat, mwingine Nairobi, wa tatu hataki kusikia. Gari linabaki chini ya mwembe. Mvua za masika zinalikuta, zinaliacha, zinalikuta tena. Nimeona watu wakitoa arbuni kisha wakairudisha mkononi miezi sita baadaye kwa sababu hiyo tu.

Adui ni chumvi

Kuhifadhi gari Mombasa si sawa na kulihifadhi Nairobi. Huku adui mkuu ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba hadi ndani ya milango, na gari linalovuka Likoni kila siku hupita juu ya ngazi za feri zenye maji ya bahari, yakarukia chini ya bodi. Kutu huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya boksi za pembeni, chini ya zulia, kwenye mikunjo ya mudigadi.

Dawa ya mafundi wetu ni ya kale kuliko motokaa. Mabaharia wa pwani walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, ili mbao zisiliwe na maji, na walikalafati nyufa kwa pamba na mafuta. Mafundi wa Likoni hunyunyizia oili chafu chini ya gari kwa mantiki ile ile. Wenye kujali mazingira watakuwa na neno la kusema kuhusu hilo, na wana haki, lakini tukitaka kuelewa jinsi gari la miaka sitini linavyosimama kando ya bahari, jibu linaanzia kwenye jahazi.

Injini nayo ina hadithi yake. Magari mengi ya enzi hizo yalibuniwa kwa petroli yenye risasi. Risasi hiyo iliacha utando uliokinga vikalio vya vali visilike vali inapojifunga kwa kishindo mara maelfu kila dakika. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, iliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006 kwa sababu nzuri kabisa: risasi hudhuru ubongo wa watoto. Hakuna mpenda magari mwenye akili anayetaka irudi. Lakini mwenye gari la zamani hulazimika kumtafuta fundi wa kutoboa kichwa cha injini na kutia vikalio vigumu zaidi. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua.

Na wanaojua wanapungua. Yuko fundi anayeweza kurekebisha kabureta kwa sikio, akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza siri. Mwanafunzi wake wa leo amefunzwa kuunganisha kompyuta na kusoma kosa kwenye kioo. Kompyuta hiyo haina pa kuchomekwa kwenye Pijo. Fundi yule akienda, anaenda na maneno yake pia: pointi, choki, kukoroga hendeli, kupima mwanya wa plagi kwa unene wa kadi. Maneno ya kazi huishi kwa muda kazi inapoishi. Kwa wasomaji wa safu ya lugha, hiyo peke yake ni hasara ya kutosha.

Kuna mjadala mkali baina ya wapenzi hawa kuhusu uhalisi. Wapo wanaosema gari lililotiwa injini ya Toyota si Landrova tena. Wapo wanaojibu kwamba bila injini hiyo lingekuwa limeshayeyushwa. Nionavyo mimi, pwani ilishalijibu swali hili. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mwaka huu, mlingoti mwaka ujao, tanga baada ya hapo, na hakuna anayedai kwamba limekuwa jahazi jingine. Kilicho muhimu ni kuweka kumbukumbu ya kilichobadilishwa, na kuihifadhi injini ya asili hata kama imekufa, ili mrithi awe na uamuzi wa kufanya.

Neno na mizani

Turudi kwa mnunuzi wa vyuma. Biashara yake ni halali, ina sheria yake ya mwaka 2015, na inalisha watu wengi. Mnamo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo. Lakini tutazame jina lake kwa Kiswahili: biashara ya vyuma kuukuu. Kivumishi ni kile kile tunachowapa wazee wa barabarani. Ukishaliita gari kuukuu, umelipanga tayari kwenye fungu la kilo. Nguo kuukuu hupigiwa deki. Chuma kuukuu huyeyushwa. Lugha imeshapitisha hukumu kabla ya mizani kufika.

Je, tuseme gari la kale? Neno lina heshima, na Mombasa yenyewe ina Mji wa Kale. Lakini kale ni mbali mno. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kifaa kuwa cha kale kikiwa kimetengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hakuna gari letu litakalofika huko. Waziri ana uwezo wa kutangaza kifaa chenye umuhimu wa kihistoria kilindwe, lakini hilo halianzi mpaka mtu akione kuwa na umuhimu. Treni zimepata makumbusho yake Nairobi tangu mwaka 1971. Magari yamebaki mikononi mwa watu binafsi.

Pendekezo langu ni neno ambalo tayari tunalo: kongwe. Zanzibar imeuita mji wake Mji Mkongwe, na dunia ikauandika kwenye orodha ya urithi mwaka 2000. Tunasema mwanahabari mkongwe, mwimbaji mkongwe, mwanasiasa mkongwe. Tunamaanisha mtu aliyekaa kwenye kazi muda mrefu, anayeheshimiwa, na ambaye bado anaweza kukufundisha jambo. Hizo ndizo sifa za gari tunalozungumzia.

Neno hili lina faida nyingine ya kisarufi. Mhariri wa gazeti huiweka gari kwenye ngeli ya LI-YA na kuandika gari hili. Fundi wa Bombolulu huiweka kwenye I-ZI na kusema gari hii. Wamebishana miaka mingi. Lakini kivumishi -kongwe hakibadiliki katika umoja wa ngeli hizo mbili: gari kongwe hili, gari kongwe hii. Tofauti itajitokeza kwenye wingi tu, magari makongwe kwa mhariri na gari kongwe kwa fundi, na hapo kila mmoja aendelee na lake.

Najua neno halizuii kutu, halileti spea, wala halimrudishi ndugu kutoka Muscat kutia sahihi. Lakini humpa mtu sababu ya kusita. Mwenye nyumba akiambiwa ana gari kongwe uani, huenda akatafuta kitabu cha usajili ndani ya sanduku la marehemu kabla ya kuita mkokoteni. Huenda akamwita fundi mzee alitazame, na mjukuu akakaa pembeni kusikiliza. Kwa magari ambayo hayataletwa mengine, kusita huko kwa wiki moja tu kunaweza kuamua kama litaingia gereji au tanuri.